Jeraha Lisiloonekana: Uonevu wa Mitandaoni na Wanafunzi

Kijiji cha Mloka kimo kando ya mto Rufiji, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watoto wa huko hufundishwa mapema kwamba mtoni mna mamba na viboko, na kwamba tembo huingia mashambani usiku. Hatari hizo ni kubwa, lakini kila moja ina mahali pake. Simu ya mkononi imeleta hatari ya aina nyingine, isiyo na mahali wala saa, ambayo huingia ndani ya nyumba pamoja na mtoto. Hatari hiyo ni uonevu wa mitandaoni.

Alama za uonevu

Dan Olweus, mtaalamu aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia katika miaka ya 1970, alieleza kwamba uonevu una alama tatu: hukusudiwa, hurudiwa, na mwonevu huwa na nguvu kuliko mwonewa. Mtandao umezibadili alama hizo. Mwonevu hahitaji tena misuli, kwani aweza kulificha jina lake. Wala hana haja ya kukirudia kitendo chake: akituma picha ya aibu mara moja tu, wenzake humfanyia kazi hiyo kila wanapoisambaza. Kwa hiyo, yule asemaye kwamba yeye amepeleka tu alicholetewa ndiye anayeukamilisha uonevu.

Athari zake

Wako wanaodhani kwamba maneno matupu hayadhuru. Mwaka 2003, Naomi Eisenberger wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kurushiana mpira katika kompyuta. Mchezaji alipotengwa asirushiwe mpira, sehemu ya ubongo ambayo huhusika pia na maumivu ya mwili ilizidisha kazi yake.

Tena, hofu inayodumu huufanya mwili utoe kwa wingi homoni za msongo, kama vile kortizoli. Usingizi hupungua, na ubongo uliokosa usingizi hauhifadhi vema yale uliyojifunza mchana. Hivyo mwanafunzi aweza kukaa darasani asishike lolote, na mwalimu akamdhania mvivu.

Mwaka 2019, UNICEF ilitangaza majibu ya vijana zaidi ya 170,000 wa nchi 30. Mmoja katika kila watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja katika kila watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu ya uonevu huo na ukatili.

Wajibu wa shule

Shule nyingi nchini Tanzania haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Katazo hilo lina faida, walakini mwanafunzi aliyeonewa huweza kunyamaza kwa kuogopa adhabu ya kuwa na simu. Mwalimu hana budi kuyatenganisha mambo hayo mawili: aliyejeruhiwa asikilizwe kwanza. Akimwona mwanafunzi anajitenga, anakuwa mtoro au anashuka ghafla katika masomo, amwulize kwa faragha.

Mwanafunzi naye asiyajibu matusi, bali auhifadhi ujumbe kama ushahidi na amweleze mtu mzima anayemwamini. Aweza pia kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, iliweka kwa kosa hili faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Hata hivyo, nguvu kubwa zaidi imo mikononi mwa wale wanaopokea. Picha ya kumdhalilisha mtu isipopelekwa mbele, uonevu huo hukatika hapo hapo. Kando ya mto Rufiji, aliyemwona mamba huwapigia wenzake kelele waondoke majini. Hamsukumi mwenzake humo.