Tarehe kwenye Bahasha

Mpiga kura wa Pennsylvania anayetumia posta hupewa bahasha mbili. Ya ndani haina jina. Inaficha karatasi ya kura. Ya nje ina tamko, mahali pa kutia sahihi, na kando yake nafasi ndogo ya kuandika tarehe. Ikifika ofisi ya kaunti, hupigwa muhuri wa siku iliyopokelewa. Iliyofika kabla ya saa mbili usiku wa siku ya uchaguzi imewahi. Baada ya hapo imechelewa. Kwa hiyo kinachoamua kama kura imewahi ni muhuri wa ofisi. Tarehe ya mkono wa mpiga kura haiamui lolote hapo, na ndiyo iliyozua kesi kwa miaka mingi.

Sheria Na. 77 ya mwaka 2019 ilimruhusu kila mpiga kura wa jimbo hilo kutumia posta bila kutoa sababu. Inamtaka atie sahihi na aweke tarehe, lakini haisemi akisahau tarehe kura yake ifanyweje. Ukimya huo uliwapa mawakili kazi.

Mwaka 2021, katika Kaunti ya Lehigh, David Ritter alikuwa akiongoza kwa kura 71 katika kinyang'anyiro cha ujaji. Pembeni zilikuwa zimewekwa bahasha 257 zisizo na tarehe. Zile zenye tarehe isiyo sahihi zilikuwa zimeshahesabiwa! Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliagiza zile zisizo na tarehe nazo zihesabiwe, na mpinzani wake, Zachary Cohen, akashinda kwa kura 5.

Hoja iliyoshinda siku hiyo ilitoka katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza kumnyima mtu kura kwa kosa la makaratasi lisilohusu sifa zake za kupiga kura. Wabunge walikuwa na sababu ya kuiandika. Makarani wa majimbo ya Kusini walikuwa wakimtaka Mweusi ataje umri wake kwa miaka, miezi na siku. Akikosea hesabu ya siku, harudi na kadi ya kupigia kura.

Ushindi huo haukudumu. Oktoba 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu ile, kwa kuwa uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha. Mwezi uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaagiza bahasha zisizo na tarehe sahihi ziwekwe kando, huku majaji wakigawanyika watatu kwa watatu juu ya sheria ya 1964. Machi 2024 mahakama ya rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema sheria hiyo inalinda hatua ya kuthibitisha sifa za mpiga kura, haifiki kwenye bahasha. Ilipofika Agosti 2025 mahakama hiyohiyo, safari hii ikipima kwa Katiba, ikaona kuzitupa ni kosa.

Wanaoitetea tarehe wana mfano mmoja wa kweli: mwaka 2022, katika Kaunti ya Lancaster, bahasha ya marehemu ilikuwa na tarehe ya baada ya kifo chake. Sipuuzi ushahidi huo. Lakini jina la marehemu lilikuwa limeshaondolewa kwenye daftari la wapiga kura, na kwa mfano mmoja siwezi kukubali maelfu ya kura za watu walio hai zitupwe.

Jimbo nalo lilijaribu kuibadilisha fomu ya bahasha. Mwishoni mwa 2023 ilichapwa "20" mwanzoni mwa nafasi ya kuandika mwaka. Uchaguzi wa mchujo ulipofika, wapo waliosahau kumalizia tarakimu mbili. Julai 2024 jimbo likaamua kuuchapa mwaka wote lenyewe.