REDIO ZA DHARURA: ZIMELALA STOO, JE ZITAAMKA?



Katika mashamba mengi ya chai na miwa tunayotembelea, redio za upepo za kuitia msaada zimekwisha nunuliwa na kuandikwa katika daftari la vifaa. Mkaguzi akija huonyeshwa. Lakini tukiomba ziwashwe, nyingine hukaa kimya. Redio ni nzima, ila betri imekufa humo humo stoo.

Katika shamba moja la huku kwetu, mchumaji wa chai aliumwa na nyoka mwisho kabisa wa shamba, mbali na zahanati. Mnyapara alibonyeza kitufe cha kusemea. Taa ikawaka, redio ikalia mara moja, ikazima. Wenzake wakambeba kwa turubai mpaka barabarani. Alipona, lakini zaidi ya saa nzima ilipotea. Tulipouliza, tukaambiwa redio ilitolewa stoo asubuhi ile ile, na ilikuwa imelala humo tangu msimu uliopita.

Betri si za aina moja, na kila aina ina sharti lake. Redio nyingi za siku hizi, na vile vyombo vya setilaiti wanavyobeba madereva na walinzi wa misitu, hutumia betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991. Betri hii ikilala muda mrefu huharibiwa na mambo mawili: joto, na kujazwa chaji mpaka juu. Ikikaa imejaa mwaka mzima katika joto la digrii 40, hupoteza yapata theluthi moja ya uwezo wake, na uwezo huo haurudi hata ukichaji usiku kucha. Stoo ya bati isiyo na dari hufika joto hilo mchana bila taabu. Ikiwekwa na chaji kama nusu, mahali pakavu penye ubaridi, hasara huwa ndogo. Lakini isilale tupu. Chaji hupungua yenyewe polepole, na betri ikishuka mno huweza kukataa kuchajiwa, au kuwa ya hatari ikichajiwa. Basi itolewe kwenye redio, maana redio nyingine hunyonya kidogo hata zikiwa zimezimwa, na ipimwe kila miezi mitatu.

Betri ya risasi na asidi, iliyo kama ya gari, inayoendesha redio kubwa ya ofisini au king'ora, ni kinyume chake: hiyo ilale imejaa. Ya volti 12 ikipimwa baada ya kupumzika na kuonekana iko chini ya 12.4, ichajiwe. Ikiachwa tupu, vibamba vyake hushikwa na ganda gumu na haifai tena. Zile za nikeli hupoteza chaji upesi. Za kawaida hazifai kuaminiwa baada ya mwezi mmoja bila kuchajiwa.

Mafundi wengi bado wanasema betri lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Neno hilo lilikuwa na maana kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu ni kuiua.

Sasa mtu atauliza: ikiwa betri ilale na nusu, dharura itasubiri tuichaji? Hapana. Redio ya zamu lazima iwe imejaa kila siku. Inayolala na nusu ni ya akiba. Kila redio iwe na betri mbili, zibandikwe karatasi yenye tarehe, na kila mwezi zibadilishane kazi. Na msidanganywe na taa ya kijani. Kusema hula umeme mwingi kuliko kusikiliza, kwa hiyo betri iliyochoka huonekana nzima mpaka ubonyeze kitufe. Jaribio la kweli ni kwenda shamba la mwisho na kuzungumza na ofisi. Betri iliyovimba isichajiwe hata mara moja. Iwekwe kando na irudishwe kwa aliyeiuza.

Tumekuta pia mahali ambapo wanyapara huagizwa kuchaji redio nyumbani kwao, kwa umeme wanaolipa wenyewe. Hilo hatulikubali. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka waajiri waweke mipango ya kukabili dharura na ajali pale inapohitajika, na kifungu chake cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Betri ya pili, chaja na umeme wake ni juu ya mwajiri.

Makatibu wa matawi, katika kikao kijacho na uongozi ombeni daftari la betri, mwone ilipimwa lini na nani. Tena ulizeni ufunguo wa stoo hukaa na nani usiku.