Kisanga kilichopotea sababu ya digrii



Wengi kati yetu wanasema: longitude na latitude zinatusumbua bure, zitatusaidia nini? Na mimi nilikuwa nikisema vile. Basi, nisikilizeni kidogo.

Kuna kisanga kinaitwa Bouvet, kusini kabisa ya bahari ya Atlantiki, kwenye digrii 54. Toka kule mpaka Afrika ya Kusini ni karibu kilometa 2.500, na mpaka bara la barafu, Antarctique, karibu 1.700. Ni kidogo sana: kilometa 49 za mraba. Idjwi yetu inakipita zaidi ya mara tano. Ni mlima wa moto uliotoka ndani ya bahari, kilele chake mita 780, na barafu inafunika sehemu 93 kwa mia. Hakuna mtu anayekaa pale, ni sili na pengwini tu.

Tarehe 1 Januari 1739, Mfaransa Bouvet de Lozier alikiona ndani ya ukungu. Hakuweza kushuka. Aliandika mahali pake, akarudi kwao. Kiisha James Cook, Mwingereza, akakitafuta mwaka wa 1772, na tena 1775, asikione. Akafikiri Bouvet aliona kipande cha barafu kinachoelea.

Sababu gani? Latitude ni rahisi: unapima jua saa sita ya mchana. Lakini longitude inataka saa ya kweli. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja. Ni kusema dakika 4 ni digrii moja. Bouvet hakuwa na saa ya namna ile ndani ya meli, kwa hiyo alikisia. Na pale, digrii moja ya longitude ni kama kilometa 65, na kisanga chenyewe hakifiki kilometa 10 kwa urefu!

Mwaka wa 1808 wavuvi wa nyangumi wakakiona tena. Lakini mahali pake pa kweli pakajulikana 1898, na meli ya Wajerumani, Valdivia. Wanorwe walishuka 1927, na tangu 1930 ni chini ya Norwe.

Wapenzi, Bouvet hakusema uongo, na Cook hakuwa mjinga. Hesabu moja mbaya ilitosha kumfanya mtu wa kweli asisadikiwe. Tukiandika jibu letu kwenye karatasi ya mtihani, tupime mara mbili.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita