Ganzi ya vidole ilinifunza kuchagua usukani wa baiskeli

VIDOLE viwili vya mkono wangu wa kulia, kile cha mwisho na jirani yake cha pete, vilianza kufa ganzi kidogo kidogo. Mwanzoni nilidhani ni baridi ya alfajiri. Baadaye nikawa nashindwa kufunga vifungo vya shati nifikapo kazini, na kalamu ikawa inaniponyoka. Sikuihusisha hali hiyo na baiskeli niliyokuwa nikiiendesha kilomita tisa kila asubuhi hadi mpakani hapa Busia, na tisa nyingine jioni.

Siku moja nikiteremka kilima, mama mmoja alivuka barabara akiwa na beseni la nyanya kichwani. Nilivuta breki ya mbele lakini vidole havikukaza. Nilikwepa, nikaishia mtaroni. Kwa bahati hakuna aliyeumia, ila nyanya zilitapakaa barabarani na nikalazimika kuzilipa zote. Mama yule alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira, akasema, "Mwanangu, kama huna mikono, tembea kwa miguu."

Maneno hayo yalinichoma. Kesho yake nilikwenda kumwona tabibu. Hakunipa dawa. Aliuliza tu, "Unaendesha baiskeli ya aina gani?"

Alinieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Mtu akiegemeza uzito wa kifua juu ya sehemu hiyo kwa muda mrefu, mshipa hubanwa, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi na mkono hupungukiwa nguvu za kukamata. Mkono ukikunjwa vibaya kwenye kifundo, kuna mshipa mwingine unaoweza kubanwa, na huo huathiri kidole gumba, cha shahada na cha kati. Alinionya kwamba nikiendelea kupuuza, nguvu za mkono zinaweza kuchukua miezi kurudi.

Baiskeli ya mtu mwingine

Ikumbukwe kwamba Busia ndiko neno 'boda boda' lilikozaliwa katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli zao zilikuwa zile nyeusi nzito, zenye breki za vyuma badala ya waya, ambazo wenzetu wa Kenya waliziita Black Mamba. Usukani wake umepinda kurudi nyuma kumwelekea mwendeshaji kama pembe za ng'ombe. Anayeiendesha huketi wima, macho mbele, mikono imelegea.

Mimi nililelewa juu ya baiskeli ya namna hiyo. Lakini nilipopata vijisenti, tamaa ilinishika. Nikanunua ya mtumba, ile ya milimani, yenye gia nyingi na usukani ulionyooka kama mti wa ufagio. Ilikuwa nyepesi na ya kupendeza. Sikujiuliza kama ilitengenezwa kwa mtu wa kimo changu, wala kama nina haja ya kuinama kama niko mashindanoni ilhali ninakwenda kazini na chakula cha mchana kwenye keria.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe karibu na soko. Aliizunguka mara mbili, akacheka.

"Mzee, nataka usukani mwingine," nikamwambia.

"Pole pole, mwalimu," akajibu, ingawa mimi si mwalimu. "Kwanza tuone kama ugonjwa uko kwenye usukani."

Alianza na kiti. Kilikuwa kimeinamia mbele, jambo linalomsukuma mwendeshaji aangukie mikono yake wakati wote. Akakisawazisha. Kisha akapima umbali kutoka kitini hadi kwenye usukani, akaniambia nimenunua fremu ndefu kuliko mwili wangu. Mtu anayelazimika kunyoosha mikono hadi viwiko vikakakamaa huegemeza uzito mwingi viganjani, na kila shimo la barabara humpiga moja kwa moja mabegani. Mwisho akabonyeza tairi. Zilikuwa zimejazwa upepo kupita kiasi, ngumu kama jiwe.

Jaribio la vijiti viwili

Baada ya hapo alinipa vijiti viwili, kimoja kila mkono. Akaniambia nifumbe macho, nilegeze mabega na kuinyosha mikono mbele kana kwamba nashika usukani. Nilipofumbua macho niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Vijiti havikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ncha za nje zilikuwa zimerudi nyuma kunielekea, tena zimeshuka kidogo.

"Hivyo ndivyo Mungu alivyoiumba mikono yako," akasema. "Tafuta usukani unaofanana na vijiti hivyo."

Kwa hakika huo ndio msingi wa jambo lote. Usukani ulionyooka wa baiskeli za milimani hupinda nyuma kwa nyuzi chache tu, mara nyingi kati ya 5 na 10. Ule wa kizamani huweza kupinda nyuzi 30, 60 au hata zaidi, kiasi cha mtu kushika kama anayesukuma toroli. Kadiri unavyoketi wima na usukani unavyokaribia mwili, ndivyo mikono inavyohitaji pembe kubwa zaidi.

Upana nao una kanuni yake. Ukiwa mwembamba kuliko mabega, kifua hubanwa na baiskeli huyumba ikiwa na mzigo. Ukiwa mpana mno, mikono hutanuka, shingo huchoka, na ni shida kupenya katikati ya foleni ya malori. Baiskeli za kisasa za milimani huuzwa na usukani wa milimita 700 hadi 800, ambao kwa mtu wa mjini ni mpana kupita haja. Wengi wetu tutatosheka na mkono mmoja au miwili ya upana zaidi ya mabega. Hata hivyo, mzigo mzito hudai upana. Watazame wenzetu wa Goma wanaosukuma chukudu za mbao zilizosheheni magunia. Pembe za chombo kile ni pana kwa sababu maalumu, nayo ni kukidhibiti chombo.

Kuhusu urefu wa kwenda juu, kwa safari za kawaida usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Lakini usipitilize. Ukiketi wima kabisa, uzito wote huhamia kitini, mgongo hupokea kila shimo, upepo wa mbele hukuzuia, na kupanda kilima huwa adhabu.

Tahadhari kabla ya kununua

Fundi alinionya kwamba si kila usukani huingia kwenye kila baiskeli. Sehemu ya katikati inayobanwa na shingo huwa ya vipimo mbalimbali. Vya kawaida ni milimita 25.4 na milimita 31.8. Sehemu ya kushikia kwenye usukani wa mjini na wa milimani ni milimita 22.2, lakini ule uliojikunja kama pembe za kondoo, wa baiskeli za mashindano, ni milimita 23.8, hivyo mikono ya breki ya huku haiingii kule. Nenda dukani na usukani wako wa zamani mkononi upimwe. Na ikiwa baiskeli yako ni ile ya breki za vyuma, elewa kwamba breki zimeunganishwa na usukani wenyewe, na huwezi kubadilisha kimoja bila kingine.

Aidha, kagua waya za breki na gia. Usukani mrefu huzivuta, na waya iliyokazwa mno huweza kushika breki yenyewe unapokata kona. Ukiinua shingo ya usukani ya aina ya zamani, ile inayozama ndani ya fremu, tafuta alama iliyochongwa ubavuni mwake inayoonyesha kikomo. Alama hiyo isionekane nje hata kidogo. Ikionekana, shingo inaweza kung'oka ukiwa barabarani.

Usikubali usukani wa aluminiamu uliopinda kisha ukanyooshwa kwa nyundo. Chuma hicho hupata nyufa zisizoonekana, kisha hukatika ghafla. Na kila ncha ya usukani izibwe kwa kizibo. Bomba lililo wazi ni hatari tumboni kwa mtoto anayeanguka.

Mimi sikuuza baiskeli yangu. Fundi alinipatia shingo fupi iliyo juu zaidi na usukani wa mtumba uliopinda nyuma, akabadilisha waya mbili, kisha akaigeuza mikono ya breki ilingane na mstari wa mkono wangu kuanzia kiwikoni. Sasa vidole viwili vinatosha kuivuta.

Ganzi haikuondoka siku ile. Ilichukua wiki kadhaa, nikipumzisha mkono na kubadilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Asubuhi moja nilifunga vifungo vya shati bila kufikiri, ndipo nikagundua kwamba nimepona.

Ndugu msomaji, ikiwa vidole vyako hufa ganzi barabarani, usijikaze kisabuni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi ufa wangu ulinigharimu beseni zima la nyanya, na ungeweza kugharimu uhai wa mama wa watu. Nikimkuta sokoni, bado hunionyesha viganja vyake viwili na kuuliza, "Mikono ipo?" Nami humwonyesha yangu.