Watu wa mto mmoja

Kijana mmoja wa dawati letu la michezo alileta habari ya uwanja mpya, ameitafsiri kutoka shirika la habari la nje. Mstari wa pili ulisema uwanja huo "unashindana na viwanja bora vya Ulaya". Mhariri akauzungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Ngapi-ngapi?"

Tulicheka, ila kosa ni la wengi wetu. Kiingereza kilisema "rivals", kijana akakumbuka "shindana", akashuka nayo. Kumbe "rival" ikiwa kitenzi haina purukushani yoyote ndani yake. Inapima tu: hiki kimekikaribia kile kwa ubora. Uwanja ule haupitwi sana na vya Ulaya, basi. Na ikija kwa kukanusha, ndipo utamu ulipo, maana jibu tunalo tangu zamani: hakuna anayefua dafu mbele yake.

"Compete" ndiyo "shindana" ya kawaida, na mara nyingi inatosha kuandika "shiriki". John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, alianguka njiani kule Mexico City mwaka 1968, goti likaumia. Akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda dhahabu. Mwingereza atakubali kwamba Akhwari "competed" mpaka hatua ya mwisho. Hatasema "contended". Hiyo ni ya mwenye nafasi ya kweli ya kushinda, yule tunayesema bado yumo kwenye mbio za ubingwa.

"Vie" imetoka kwenye karata. Enzi hizo ilikuwa kupandisha dau. Labda ndiyo maana haipendi kusimama bila kitu mezani, nasi tunaipatia kabisa tukiandika "wania". Timu nne zinawania nafasi moja. Mtu hawanii hewa.

Inayonitia hofu ni "contest". Mzizi wake wa Kilatini ni kuita mashahidi, na harufu ya mahakama haijaitoka. Ikifuatwa na kiti cha ubunge, ni kugombea. Ikifuatwa na matokeo, ni kupinga. Ikifuatwa na uchaguzi wenyewe, yaweza kuwa lolote kati ya hayo, na mtafsiri wa zamu ya usiku akibahatisha hapo, kesho yake mgombea aliyeshinda anajisoma gazetini akiwa mlalamikaji. Hapo sicheki. Namwambia asome habari nzima kwanza, ndipo arudi kwenye kitenzi.

Ila neno ninalolipenda bado ni "rival", kwa sababu ya lilikotoka. Kwa Warumi, "rivales" walikuwa watu wanaopitishia maji yao kwenye mfereji mmoja. Mwanasheria wao Ulpianus aliliandika hivyo hivyo. Majirani, kumbe, ambao mvua ikichelewa wanaanza kuangaliana vibaya. Kiswahili cha mpira nacho kimefika hapo kwa njia yake: Simba na Yanga hatuwaiti maadui, tunawaita watani wa jadi. Yanga ilianza 1935, Simba mwaka uliofuata, zote za Dar es Salaam.

Na mfereji wao upo. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza bonde la Jangwani, yalipo makao ya Yanga, kisha unamwaga maji baharini pale Daraja la Salender. Makao ya Simba yako Kariakoo, kwenye mtaa wenye jina la mto huohuo. Masika yakizidi, maji huingia mpaka ndani ya ua wa Jangwani, na siku hiyo utawasikia Wanamsimbazi vijiweni wakiulizana kama vyura wameamka salama.