Tumbawe la Malindi na Mvua ya Soitsambu

Kata ya Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, iko mbali na bahari kwa kilomita zipatazo 500. Mito ya wilaya hiyo haifiki Bahari ya Hindi: mingine hushukia Ziwa Natron, mingine Ziwa Eyasi, na mingine huelekea magharibi hadi Ziwa Viktoria. Samaki anayeonekana huko ni dagaa mkavu wa dukani. Basi huenda msomaji wetu aliye Soitsambu, au Karatu, au hata Arusha mjini, akauliza: habari za matumbawe zinanihusu nini mimi mwenye ng'ombe na mbuzi? Sisi tunasema zinamhusu, na tunataka kueleza kwa nini.

Tuanze na tumbawe lenyewe. Watu wengi wa bara hulidhania kuwa ni jiwe, na hata watu wa pwani wamelitumia kama jiwe kwa karne nyingi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kadhalika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Marjani imetajwa katika Suratur-Rahman pamoja na lulu, ingawa wafasiri wamehitilafiana iwapo makusudio yake ni haya tuyajuayo au ni lulu ndogo. Ukweli ni kwamba tumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana, laini, wanaoishi kwa jamaa, na kila mmoja hujitengenezea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo huwapa wenyeji wao sehemu kubwa ya chakula, na ndio unaowapa rangi. Maji yanapozidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, ujirani huo huvunjika. Mwani hutolewa nje, tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, na maji yasipopoa mapema hufa kwa njaa. Hiyo ndiyo hali waiitayo wataalamu kupauka kwa matumbawe.

Lakini kabla ya kufa, tumbawe huandika. Yapo matumbawe makubwa ya mviringo ambayo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na kila mwaka huacha tabaka lake, kama mti unavyoacha duara ndani ya shina. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi, nchini Kenya, watafiti walitoboa tumbawe la namna hiyo na kutoa kipande kirefu kama mwichi. Julia Cole na wenzake walipima aina mbili za oksijeni zilizomo ndani ya chokaa ya kila tabaka, kwa kuwa uwiano wake hubadilika kulingana na joto la maji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Walipata kumbukumbu ya miaka 194, tangu 1801 hadi 1994. Mwaka 1801 hapakuwa na kipimajoto kilichozamishwa Malindi, wala serikali ya kukiagiza. Mnyama asiye na macho ameiweka hesabu hiyo tangu enzi za mababu wa babu zetu.

Hesabu hiyo inaonesha mambo mawili. Bahari yetu imezidi kupata joto, na joto hilo hupanda na kushuka kwa kufuatana na mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki, iliyo upande wa pili wa dunia. Hapa ndipo Soitsambu inapoingia. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi. Maji ya mwambao wa Afrika Mashariki yakiwa na joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Sumatra yakipoa, mvuke hupanda kwa wingi huku na upepo huuleta bara, vuli hufurika. Mambo yakigeuka, maji yetu yakapoa na ya Sumatra yakapata joto, mawingu huenda kunyesha Indonesia na ng'ombe wa Umasaini hukosa malisho.

Vuli ya mwaka 1997 ilikuwa ya mafuriko makubwa Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye, Machi na Aprili 1998, matumbawe yalipauka kutoka Kenya hadi Mafia, na Shelisheli sehemu kubwa ya miamba ilikufa. Vuli ya 2023 ilifurika tena. Ndiyo iliyokuwa na maporomoko ya mlima Hanang, jirani zetu wa Manyara, mwezi Desemba, yaliyoua watu zaidi ya 80. Mwaka 2024 matumbawe ya pwani yetu yakapauka tena, pamoja na ya bahari nyingi duniani. Hatusemi kwamba kila joto la bahari huleta mafuriko, wala kwamba mlima huporomoka kwa sababu moja. Tunasema bahari ni ileile.

Ngorongoro inayo sababu yake mahususi ya kulikumbuka jambo hili. Katika mbuga za wafugaji kuna mabonde madogo yanayotuamisha maji wakati wa mvua kubwa. Aina fulani ya mbu hutaga mayai yake kwenye udongo wa mabonde hayo, na mayai huweza kukaa kavu kwa miaka, virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vikiwa ndani yake. Mvua ya kawaida haiyaamshi yote, mafuriko huyaamsha. Vuli ya 2006 bahari ilikuwa na joto, na mvua zikazidi. Assaf Anyamba wa shirika la NASA la Marekani na wenzake walikuwa wakitazama joto la bahari na ukijani wa malisho kwa kutumia satelaiti, wakatoa tahadhari kabla wagonjwa hawajaonekana. Januari 2007 ugonjwa ulithibitishwa nchini Tanzania, na wagonjwa wa mwanzo walitoka Wilaya ya Ngorongoro. Hadi ulipokwisha ulikuwa umeingia mikoa 10 na kuua watu zaidi ya 100. Mifugo iliyotupa mimba, na ndama na wana-kondoo waliokufa, walikuwa wengi mno.

Kwa familia zetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa Waislamu ndio huombwa kuchinja katika vijiji vingi, na kwa kuwa Idd-el-Adh'ha huweza kuangukia msimu wowote. Homa hii humpata mtu kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: mchinjaji, mchunaji, anayemsaidia mnyama kuzaa, na mama anayeosha matumbo. Damu tumekatazwa kuila. Ugonjwa huu hauhitaji kuliwa, huingia hata kwa mchubuko wa mkono. Mnyama anayeonekana mgonjwa asichinjwe kwa haraka ili asife bure. Maziwa yachemshwe, nyama iive sawasawa, na watoto wasicheze mahali palipochinjwa.

Tumesema bahari hutuma mvua bara. Bara nayo hutuma kitu baharini. Dominik Fleitmann na wenzake walilichunguza tumbawe jingine la Malindi, lenye umri wa miaka 300, safari hii wakitafuta madini ya bariamu, ambayo huletwa na udongo wa mto. Mto wa huko ni Sabaki, ambao maji yake huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Waliona kwamba tangu mwanzoni mwa karne ya 20 udongo uliongezeka sana, wakati ardhi ya juu ilipoanza kulimwa na kulishwa kwa namna mpya. Mashamba yaliyopoteza rutuba yake yameandikwa ndani ya chokaa ya mnyama wa baharini. Suratur-Rum, katika aya ya 41, imezitaja bara na bahari pamoja pale inapozungumzia ufisadi unaotokana na mikono ya watu.

Wapo ndugu zetu walioichukua mafunzo ya namna hiyo hadi kwenye ngalawa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kina hadithi ya zamani: kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Kisiwa kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, mwaka uleule wa joto, na miamba yake haikusalimika. Wavuvi zaidi ya elfu moja hukitegemea. Baadhi yao walikuwa wakivua kwa njia za kuharibu, na amri za serikali hazikuwazuia sana. Kisha taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, ikiongozwa na Fazlun Khalid, ilifanya kazi na masheikh na walimu wa madrasa wa Pemba, wakizungumza juu ya ukhalifa wa mwanadamu na amana aliyopewa. Hatudai kwamba hotuba ilimaliza uvuvi haramu. Mwenye watoto wenye njaa hapimwi kwa hotuba peke yake. Lakini sheria iliyoeleweka msikitini ilipata masikio ambayo tangazo la ofisini halikuyapata.

Hali ya miamba si ya kukatisha tamaa mahali pote. Utafiti wa Tim McClanahan, aliyechunguza matumbawe ya Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1980, uliochapishwa mwaka 2020, umeonesha kwamba kati ya Shimoni, Tanga na Pemba yapo maji ya kina kirefu yanayopoza miamba wakati sehemu nyingine zinaungua. Huko matumbawe yamestahimili kuliko kwingine. Joto likiwaacha salama, wabaki na baruti na nyavu za kukokota, na hayo yako mikononi mwetu.

Kila mwaka, kabla ya vuli kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu, na ndani yake huelezwa joto la bahari katika mwambao wetu. Mfugaji wa Soitsambu akisikia redioni kwamba bahari ya Afrika Mashariki ina joto kupita kawaida, huo ndio wakati wa kumwona daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa, maana kinga huhitaji muda kujengeka. Mbu wakishatanda na ugonjwa ukishaingia bomani, kuchanja kwa sindano moja kutoka mnyama hadi mnyama huweza kuusambaza.