Maji Hayapandi Mlima: Siri ya Barabara Zinazohadaa Macho

Wengi wanaorejea kutoka Hija na Umra husimulia habari za Wadi al-Baydha, bonde lililoko nje ya mji wa Madina, ambalo kwa vinywa vya watu limepata jina la Bonde la Majini. Gari huondolewa gia, nalo likaanza kwenda lenyewe, kana kwamba lapandishwa mlima na mkono usioonekana. Wako wanaotoa takbiri kwa mshangao, na wako wanaosoma Ayatul-Kursi kwa hofu.

Ajabu hiyo haiko Madina pekee. Hapa Kenya, katika kilima cha Kituluni, Kaunti ya Machakos, wageni humwaga maji barabarani yakaonekana yakipanda. Omani iko sehemu kama hiyo karibu na Mirbat, upande wa Salalah. Iko pia Ladakh nchini India, na Moncton nchini Kanada. Huko Scotland, barabara iitwayo Electric Brae ilipewa jina hilo zama ambazo watu walidhani magari huvutwa na nguvu za umeme. Wengine husema ni sumaku. Lakini sumaku haivuti maji wala mpira wa mtoto, navyo huenda vilevile.

Ukweli hudhihirika kwa kupima. Pale Electric Brae, upande mmoja wa barabara uko takriban mita 87 juu ya usawa wa bahari, na upande wa pili mita 92. Gari huteremka kutoka mita 92 kwenda mita 87, kama linavyopasa kuteremka. Kilichopinduka ni hukumu ya macho.

Jicho halina timazi ndani yake. Sisi wa Pwani tumezoea upeo wa bahari, ambao ni mstari ulionyooka usiopendelea upande. Bara, milima huuficha upeo, na macho hulazimika kukisia usawa kwa kutazama ardhi ya kandokando. Ikiwa kipande cha njia chateremka kidogo, na kinachopakana nacho chateremka kwa ukali, kile cha kwanza huonekana kana kwamba chapanda. Miti iliyoinama huzidisha hadaa hiyo, na kiungo cha mizani kilichomo sikioni hakitambui mteremko mdogo kiasi hicho. Mwaka 2003, watafiti wa Italia, akiwamo Paola Bressan wa Chuo Kikuu cha Padova, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa vielelezo vidogo vya barabara juu ya meza. Watazamaji walihadaika vilevile, wala hapakuwa na sumaku wala jini.

Karne nyingi kabla yao, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mwaka 965 Miladi, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho hupokea nuru, kisha akili hulinganisha na kuhukumu. Na hukumu hiyo yaweza kukosea. Mwezi uchomozao baharini huonekana mkubwa kuliko ule wa utosini kwa sababu ya namna hiyo hiyo ya makosa.

Kuamini kuwa majini wapo ni sehemu ya itikadi yetu. Hata hivyo, si kila tusilolifahamu ni kazi yao, na mwenye kuyanasibisha nao mambo bila ushahidi huwafungulia mlango wenye kufanya hofu za watu kuwa biashara. Mzazi anayemjibu mwanawe “ni majini” humfungia mtoto mlango wa kuuliza.

Basi jamaa watakaozuru Kituluni na wachukue pimamaji ya fundi mwashi. Wawaachie watoto waiweke chini na kusoma wenyewe kiputo chake. Wafanye hivyo kando ya njia, maana ile ni barabara ya watu wote, na gari linalorudi nyuma bila gia ni hatari kwa anayekuja.